Mama Haendi Matete

Mwezi uliopita kaka yangu Brayo alinitumia gunia la mahindi kutoka nyumbani, Lugari. Nililifungua jikoni kwangu hapa mjini Kakamega, nikapiga magoti, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, jinsi mama yangu alivyotufundisha kupima kama mahindi yamekauka hadi katikati. Vumbi likapanda. Lile vumbi jembamba la mahindi makavu, lenye harufu ya jua, ya magunia ya zamani, na ya panya kidogo. Nikapiga chafya, nikakaa chini sakafuni, na maji ya chai yakakauka motoni bila mimi kujali.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia upande wa Lumakanda, huhitaji kuelezwa. Mashine za kupura zilikuwa bado hazijaanza kuzunguka boma kwa boma. Watu wazima walipiga mahindi kwa fimbo ndani ya uzio wa miti, na yale magunzi yaliyobaki na punje kaidi yalikuwa ya watoto. Tuliyapukuchua kwa kidole gumba. Unaanza asubuhi ukiwa na ngozi, kufikia saa sita kidole kimetoka lengelenge. Tulikaa kwenye kibaraza cha ghala likizo nzima ya Desemba, rundo mbele yetu halipungui, na kwa kuwa kazi yenyewe haikutaka akili, akili ilikuwa huru kwenda ilikotaka.

Nieleze kwanza jina langu, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Mimi ni Nafula. Nilipewa jina la mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Huku kwetu ukipewa jina la mtu, unapewa na mtu mwenyewe. Baba hakuwahi kuniita Nafula hata siku moja, maana mtoto hatamki jina la mama yake hivi hivi. Aliniita Mama. Mama yangu mzazi, akiwa na moyo mweupe siku hiyo, aliniita mama mkwe. Nikiingia jikoni anafuta kigoda na kuniuliza kama nimekuja kukagua mtoto wangu analishwa vizuri. Na dada ya baba, shangazi yangu ambaye sisi tulimwita Senge, alikuwa akija kutoka Matete alikoolewa, ananisalimu kwa mikono miwili huku ameinama, mimi wa darasa la nne.

Ulikuwa utani wa mapenzi, leo najua. Lakini mtoto hajui utani unaishia wapi. Kila nilichofanya kilikuwa kimeshafanywa. Nikikataa maziwa lala, naambiwa Mama naye hakuyapenda. Nikinuna, ni yeye kabisa, hata mdomo ni wake. Na kila tulipochinja kuku, lazima mtu angekumbusha kwamba Mama hakuwa anakulanga ingokho, kwa kuwa zamani zao wanawake hawakuruhusiwa kuonja kuku. Watu wangecheka, na mimi ningejipakulia mboga. Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata aliyegundua. Mama yangu alidhani tu kwamba sipendi. Nilimeza mate kwa miaka, nikimtazama Brayo akifyonza mifupa, nikiamini kabisa kwamba hiyo ni sheria na kwamba mimi ndiye niliyeianza.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Nyanya, huyo mama yake baba, alikwenda Matete kumtembelea Senge, amebeba begi dogo, akaaga kwamba anarudi karibuni. Akarudi ndani ya sanduku. Nilizisikia habari hizo vipande vipande, watu wazima wakizungumza juu ya kichwa changu, na vipande vikajipanga vyenyewe huko ndani. Mimi ni Nyanya. Nyanya alikwenda Matete akafa.

Kwa hiyo fikiria nilivyojisikia likizo ile baba aliponiambia, anatabasamu, kwamba shule zikifunguliwa nitakwenda kukaa kwa Senge. Mume wa Senge alikuwa amefariki, vijana wake walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Eldoret na Nairobi, na nyumba yake pale karibu na soko ilikuwa kimya. Shule ya huko ilikuwa nzuri, baba alisema, na nani afaaye kukaa na Rodah kama si mama yake? Rodah ndiye Senge. Hakuniuliza. Katika maneno yale hapakuwa na mahali ambapo swali lingeweza kupenya. Mama yangu akaanza kunifulia nguo nzuri na kuzikunja kando. Mimi nikaacha kulala vizuri, na nikiulizwa nina nini, nasema ni kidole.

Wiki hiyo hiyo akaja Anko Shadrack. Ndiye kitinda mimba kwa kina baba, alikuwa akisomea umeme kule chuo cha Sigalagala, mtu mrefu wa kucheka sana, na kila likizo alikuja na kitu kipya ambacho baba alikiita upuzi. Safari hii upuzi ulikuwa mchezo. Alisema kule hosteli wanafunzi huketi kuzunguka meza. Mmoja anasimulia dunia, mito yake na watu wake. Wengine, kila mmoja ana mtu wake mmoja ndani ya dunia hiyo, na ndiye anayesema mtu huyo anafanya nini. Penye mashaka wanarusha dadu. Yeye hakuwa na meza wala dadu. Alikuwa na sisi watatu, yaani mimi, Brayo, na Kiptoo wa jirani aliyependa kupukuchua kwetu kuliko kwao, na alikuwa na mahindi.

Chukua punje ya mahindi uitazame. Upande mmoja ni mgongo laini. Upande wa pili una kibonde chenye kiini cheupe. Anko alichambua punje tano zilizolingana, akazitikisa ndani ya viganja, akazimwaga kwenye gunia. Zikilala nyingi zikionyesha kiini, umeweza. Zikionyesha migongo, pole yako. Leo nina dadu za kila rangi kabatini, na bado sijapata nyingine ninayoiamini kama zile punje.

Brayo akawa shujaa mwenye mkuki. Kiptoo akataka kuwa simba anayeongea, akakubaliwa. Mimi Anko hakunipa nafasi ya kuchagua. Alisema mimi ni mama mzee mwenye dawa, si ndiye Mama? Wakacheka wote. Hata huko, hata katika dunia ambayo haipo, nilikuta nimeshazeeka kabla sijafika. Niliumia, nikainamia gunzi langu.

Wasafiri wetu wakafika mtoni. Anko aliueleza mto ule mpaka nikausikia unavyovuma. Brayo akasema shujaa wake anaruka mawe. Kiptoo akasema simba anakunywa maji kwanza. Kisha Anko akanigeukia, akauliza mama mzee anafanya nini.

Nikamtazama usoni nikitafuta jibu, kama unavyomtazama mwalimu ambaye midomo yake huanza kutengeneza neno kabla hujalisema. Sikuona kitu. Mwishowe nikamuuliza mimi.

"Alifanya nini?"

"Nani?"

"Huyo mama mzee. Alifanya nini hapo mtoni?"

Anko aliacha kupukuchua. Nadhani alitaka kucheka, halafu akaona uso wangu.

"Hajafanya kitu," akasema. "Hata mimi sijui atafanya nini. Nangoja wewe useme."

Sijui niwaelezeje jinsi lile jibu lilivyoniingia. Maisha yangu yote nilikuwa nikikisia alichofanya mtu aliyekwisha kufa, na kila nikikosea kuna mtu wa kunisahihisha. Hapa palikuwa na mama mzee mwingine, amesimama mguu mmoja majini, na hakuna aliyejua hatua yake inayofuata. Hata mwenye hadithi hakujua. Nikaogopa. Halafu nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba anakaa chini kwenye jiwe apumzike. Ni hilo tu. Anko akasema sawa, amekaa, na jiwe lina joto kwa sababu jua limeliwakia tangu asubuhi. Nikalisikia lile joto. Lilikuwepo kwa sababu mimi nilikaa.

Tukacheza siku hiyo, na kesho yake, na kila siku iliyofuata. Rundo la magunzi lilianza kupungua kwa kasi ambayo baba hakuielewa, akaacha kuuita upuzi. Mimi nilikuwa naamka mapema kwenda kibarazani. Nyumbani nguo zilizidi kukunjwa kando, lakini kule kibarazani kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyejua atafanya nini, na mtu huyo alikuwa mikononi mwangu.

Nisimfanye Anko malaika. Siku moja tulifika kwenye daraja lenye mlinzi, jitu la mtu lenye rungu, na ilionekana wazi kwamba Anko alikuwa ameshaipika vita kubwa hapo. Alikuwa na sauti ya rungu tayari, na sauti ya mbao kuvunjika. Brayo akasimama kabisa na fimbo yake. Mimi nikasema mama mzee hapigani, anakwenda kumuuliza mlinzi kama amekula. Anko akasema mlinzi hasikii. Nikasema nampazia sauti. Akasema upepo ni mkali. Nikasema nangoja utulie. Akasema giza linaingia na fisi wanakaribia. Nikasema nakaa na fisi. Brayo akanirushia gunzi la kichwa.

"Unaharibu mchezo," akasema. "Anko anataka tupigane."

"Basi Anko apigane," nikamjibu. "Huyu mama ni wangu."

Mimi ni mbishi, sikatai, na kwetu walisema hata ubishi niliuchukua kwa Nyanya. Lakini siku ile sikuwa nabisha kwa sababu ya kubisha. Nilikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeona kwamba Anko naye, aliyeniambia hajui, safari hii alijua, na alikuwa akinizibia njia moja baada ya nyingine ili nifike alikonitaka, huku bado akiniuliza kwa upole nafanya nini. Nilikuwa nimeshaishi ndani ya swali la namna hiyo. Sikuwa tayari kuishi ndani yake mara mbili.

Anko alikunja uso. Alikasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa ameipenda vita yake. Akatupa gunzi, akachukua lingine, akalizungusha mkononi. Halafu akapumua na kusema ni kweli, dunia ni yake lakini mama mzee ni wangu, na akanisukumia punje.

Nikarusha. Migongo minne. Yule mlinzi hakutaka maswali ya chakula. Alimshika mama mzee mkono, akamtupa ndani ya kibanda kando ya daraja, akafunga mlango kwa gogo. Brayo alicheka mpaka akakohoa vumbi. Walidhani nitalia. Mimi nilikuwa na furaha hata nikashindwa kukaa kitako. Mlinzi ndiye aliyenitupa mle kibandani, lakini njia ya kufika pale niliichagua mimi mwenyewe.

Siku hizi, Jumamosi alasiri, nakaa na vijana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja hapa mjini. Kuna mwalimu, kuna wauza simu, kuna wanafunzi wa chuo, na tunacheza ule ule mchezo, sasa tukiwa na meza. Kila baada ya muda msimulizi mpya hunijia akilalamika kwamba wachezaji wamemharibia hadithi. Aliwapangia jumba, wao wakaenda sokoni. Huwa namuuliza swali moja tu, kama alipowauliza wanafanya nini alitaka kujua au alitaka wamalizie sentensi yake. Wengine hukasirika. Wengine hurudi mezani wakiwa wasimulizi wazuri. Na wachezaji nao nawaambia kwamba ukitaka mtu wako awe wako kweli, uwe tayari pia kulala kwenye kibanda chake. Ukichagua tu pale ambapo hakuna kinachoweza kukuuma, bado hujachagua kitu. Hayo sikuyasoma mahali. Niliyapata kibarazani nikiwa na lengelenge.

Senge alikuja kunichukua mwishoni mwa likizo. Baba akachinja jogoo. Tulikula sebuleni mchana, baba na Senge kwenye makochi, mama yangu na Anko kwenye viti, mimi na Brayo kwenye mkeka. Begi langu lilikuwa limesimama karibu na mlango, limefungwa. Baba aliomba, akashukuru kwa mvua na mavuno, akawaombea wasafiri heri ya njiani. Nilipofumbua macho niliona begi kwanza.

Mazungumzo yalikwenda taratibu, ya shule na ya sare na ya kitanda ambacho Senge alikuwa ameninunulia. Mama yangu, kwa sauti ya chini, akasema siku hizi naonekana sina raha, labda tungengoja muhula mmoja. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Lakini baba alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

"Mama hawezi kukataa," akasema, akimega tonge la obusuma, ugali wetu. "Mama hakuwahi kumkatalia Rodah kitu."

Wakacheka, Senge naye akacheka, akanitazama kwa upendo. Na mimi nikajiona ninavyotembea kwenda Matete na begi dogo, na ninavyorudi.

Nikamtazama Anko Shadrack. Sijui nilitaka anifanyie nini. Alikuwa anatafuna. Aliponiona aliacha kutafuna, na uso wake ukawa ule ule wa kibarazani baada ya kuuliza swali. Sina hakika hata kama alijua anangoja.

Nikanyoosha mkono kwenye sinia, nikachukua paja la kuku, nikalitafuna.

Nakumbuka chumvi. Nakumbuka mafuta yalivyoteremka kwenye kiganja, na ule ugumu wa jogoo wa kienyeji, na kwamba lilikuwa tamu kuliko nilivyokuwa nimewaza, na nilikuwa nimewaza sana. Brayo aliacha mdomo wazi. Mama yangu akacheka kicheko kisicho na uhakika, akauliza tangu lini mama mkwe anakula kuku.

"Leo anakula," nikasema. "Na Mama haendi Matete."

Baba akaweka tonge chini. Niliona hasira ikipanda shingoni mwake, hasira ya haki kabisa ya mzazi ambaye mtoto amemwaibisha mbele ya mgeni. Alinyoosha kidole. Akafungua mdomo. Na hapo ndipo alipokwama, na nilimwona akikwama, kwa sababu ili kunigombeza alihitaji kuniita jina, na jina langu halikuwa na njia ya kutoka mdomoni mwake.

"Mama," akasema.

Baada ya neno hilo hakuna amri inayoweza kufuata. Huwezi kumwambia mama yako nyamaza. Huwezi kumwambia toka nje. Baba alibaki na kidole chake hewani, kisha akakishusha taratibu na kukipumzisha gotini. Hakuna aliyekuwa ameipanga hali hii. Walikuwa wamenipa cheo kwa miaka yote, na siku hiyo nilikishika kweli, kwa ujinga wa mtoto asiyejua kwamba hakikuwa cha kushikwa.

Senge ndiye aliyezungumza. Hakuwa anatania tena.

"Kwa nini, Mama? Nilikukosea wapi?"

"Nilikuja kwako mara moja," nikamwambia. "Sikurudi nikiwa hai."

Mama yangu akainuka akaenda jikoni, na hakuna alichokwenda kuchukua. Brayo akainama kabisa. Senge aliufuta mkono wake, kidole baada ya kidole, akiniangalia, na nikaona jinsi alivyoelewa, siku zote zile nilizobeba jambo hilo peke yangu zikimfikia kwa pamoja. Macho yakamjaa. Baba akasema kwa sauti iliyokauka kwamba tule, chakula kinapoa. Tukala.

Alipoaga, Senge hakugusa begi langu. Alichukua mkoba wake, akaomba nimsindikize mpaka barabarani pikipiki zinaposimama. Baba akamtazama, akanitazama, akasema sawa. Tukapita katikati ya shamba lililovunwa, mabua yakitukwaruza miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Alitembea mbele hivyo hadi tulipopita ghala la kina Kiptoo. Halafu akapunguza mwendo ili tuwe sambamba.

Akaniambia Nyanya hakuuawa na Matete. Alikuwa mgonjwa tangu Lugari, kwa miezi, na akawaficha wote, maana ndivyo alivyokuwa. Alijua hali yake. Alipanda gari kuja kwa sababu alitaka kumwona binti yake, akakaa naye jikoni, wakapika pamoja, na siku moja hakuamka. Alinieleza polepole, akirudia pale ambapo sikuelewa, hakunificha kitu. Akasimama.

"Kwangu hutakufa, mtoto wangu," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiniita mtoto. "Sasa unajua. Sisemi tena ni baba yako amepanga. Nakuuliza mimi. Utakuja ukae na mimi?"

Nikaitafuta ile hofu. Nilikuwa nimeizoea, nilijua inapokaa. Haikuwepo. Nilidhani ikiondoka jibu nalo litaondoka nayo, lakini jibu lilikuwa bado limekaa pale pale, dogo na gumu, na halikuwa na uhusiano wowote na kufa. Nilitaka shule yangu. Nilitaka mama yangu na jikoni yake na utani wake. Nilitaka kujua mama mzee atatokaje kwenye kile kibanda.

"Sitaki, Senge," nikasema. "Kukutembelea nitakuja. Kukaa sitaki."

Niliona yalivyompata. Ile nyumba yake ya kimya ilipita usoni mwake, na kitanda kilichonunuliwa, na jioni za huko. Nilitamani kuyarudisha maneno. Nilisimama mbele yake nikiwa na mafuta ya kuku bado mikononi, nikayaacha maneno yakae nilipoyaweka. Niliwahi kwenda Matete baadaye, likizo nyingi, kila mara kwa kusema mwenyewe, na Senge hakuwahi kunilaumu. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilijua tu kwamba nimemuumiza mtu ninayempenda na kwamba bado sitaki.

Pikipiki ikaja, mwendeshaji akageuza. Senge alipanga leso yake vizuri mabegani, akaweka mkono kwenye kiti, lakini hakupanda.

"Wewe umeulizwa, hiyo ni vizuri," akasema. "Mimi sikuulizwa. Nilitoka shule, niko darasa la saba, madaftari kwapani, nikakuta watu wa Matete wamekaa kwetu, wameleta mahari. Mama ndiye alinifungia begi."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa. Kisha akapanda, akajiweka vizuri. Hakuwa ananiuliza chochote. Hakuna mtu aliyekuwa anangoja niseme kitu, na mwendeshaji alikuwa ameshawasha. Nikamshika mkono.

"Rodah," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo, na sijamwita hivyo tena. "Lile begi lilikuwa makosa yangu. Ningekuuliza kwanza."

Hakucheka. Aliniangalia kutoka juu ya ile pikipiki, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa kuliko kaka yangu.

"Ningesema sitaki, Mama."

"Basi ungebaki," nikamwambia.